Namna ya Kumfukuza Kijana Aliyekuja Kukuuliza Jambo

Ukiwa mtu mzima mwenye kazi yako, na ukataka vijana wa mtaani wasikuzoee, anza na salamu. Kijana akikwambia "Shikamoo, mjomba," mwitikie "Marahaba" macho yakiwa kwenye simu. Akiendelea kusimama, muulize anataka shilingi ngapi. Basi, kazi imekwisha. Kijana anayefuata mtu mzima asiye wa nyumbani kwao huwa amejishauri siku nyingi, amepita mbele ya duka lako na kurudi, amepanga maneno yake. Ukimgeuza ombaomba kabla hajafungua kinywa, hatarudi, na wenzake watapata habari.

Mwongozo huu ni wa kejeli, lakini hatua zake zote zinafanya kazi kweli. Nimeziona zikitumika gereji, maofisini, misikitini, makanisani na kwenye familia zetu, na matokeo yake ni yaleyale. Naziandika ili anayezifuata ajione, kisha aziache, kwa sababu kila mtaa una kijana anayemhitaji mtu mzima mmoja tu wa kumsikiliza na hampati.

Tuseme amekupata ukiwa na nafasi, na amewahi kusema shida yake: amemaliza kidato cha nne, hajui aende chuo cha ufundi au arudie mtihani. Hapa silaha yako ni "sisi enzi zetu." Msimulie ulivyokwenda shule peku, ulivyochapwa, ulivyolala njaa, na vijana wa leo walivyo wavivu. Usipumzike. Ukifika kwenye ajira yako ya kwanza, swali lake litakuwa limeshazimika na atakuwa anatafuta namna ya kuaga kwa adabu. Maisha uliyopitia yana thamani, tena kubwa, lakini kijana huyapokea vizuri baada ya kujibiwa alichouliza.

Patrick Sang alijibu alichoulizwa. Sang ni Mkenya wa Nandi, aliyepata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa kwao Kapsisiywa, alijiwa na kijana mwembamba aliyetaka ratiba ya mazoezi. Kwa masimulizi yao wenyewe, hapakuwa na kalamu wala karatasi, hivyo Sang akaokota kijiti na kumchorea ratiba hiyo kwenye ngozi ya mkono. Kijana akaikariri, akaenda kuifanyia kazi, akarudi kutaka nyingine. Akapewa. Akarudi tena, akapewa tena. Ni baadaye ndipo Sang alipomuuliza jina, akatambua kuwa ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea.

Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 5,000 mjini Paris, akiwaacha nyuma Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Akaja kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, na mwaka 2019 mjini Vienna akawa mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya saa mbili, katika jaribio maalumu lisilohesabiwa rekodi rasmi. Wakati wote huo kocha wake alikuwa Sang yuleyule. Wanaosimulia habari hii hupenda kutaja medali. Mimi navutiwa zaidi na zile wiki za mwanzo, kabla mtu yeyote hajajua kijana huyu atakuwa nani. Sang hakumpa hotuba wala fedha. Alimpa kazi ndogo inayofanyika, akakubali kusumbuliwa tena ilipokwisha.

Kama kijana wako amekataa kuchoshwa na hotuba, mwambie hiyo si fani yako. "Mimi mambo ya kompyuta siyajui, mwanangu." "Mimi sikusoma, kawaulize waliosoma." Ni jibu lenye sura ya unyenyekevu na humwondoa mtu haraka. Bruda Colm O'Connell angeweza kulitumia alipotoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya, kwa kuwa hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha. Alianza kwa kusimama kando ya uwanja na kutazama wavulana wanavyokanyaga, wanavyopumua, wanavyokata kona. Akatazama miaka mingi. Mmoja wa waliokulia mikononi mwake, David Rudisha, alishinda mita 800 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Vivyo hivyo, mama anayeuza vitenge hahitaji kujua uhasibu ili amuulize binti wa jirani maendeleo ya masomo yake ya uhasibu kila Jumamosi na kusikiliza jibu mpaka mwisho.

Gereji zina njia yao, na hii inaniuma kuliko zote. Mpokee kijana, mwite "dogo," mwahidi kumfundisha. Mpe tochi aishike. Mtume chai, mtume maji, mwambie aoshe vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole itoke. Siku ya kufungua gia boksi, pale penye elimu yenyewe, mtume vocha. Baada ya miaka miwili atajua vioski vyote vya eneo lile na hatajua kwa nini gari linakataa kuingia gia. Fundi anayefanya hivi huogopa kuzalisha mshindani. Yupo fundi mwingine, na wengi mnamjua wa kwenu, anayemwita mwanafunzi wake karibu na injini na kumwambia asikilize kwanza, kisha aseme anasikia nini, hata akikosea mbele ya mteja. Kwa Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, huwapima watu waliojifunza ufundi nje ya darasa na kuwapa cheti wakifaulu. Aliyefundishwa kweli chini ya mwembe anaweza kwenda kupimwa akaajiriwa popote. Aliyeshikishwa tochi hana cha kupimwa.

Wapo wanaotaka kufukuza vijana wengi kwa siku moja. Hao waandae semina. Kodi ukumbi, chapisha fulana, mlete mhamasishaji atakayewaambia kuwa umaskini uko kichwani mwao, piga picha za pamoja, gawa soda na posho, ondoka kabla ya magharibi. Usiache namba ya simu. Watakaobaki na swali watabaki nalo, na safari ijayo wakiona hema na viti vya plastiki watakuja kwa ajili ya nauli tu.

Lakini njia kali kuliko zote ni kuanza kwa moyo kisha kutoweka, na hapa nawaomba mnisome taratibu, kwa sababu watu wema ndio wanaoitumia bila kujua. Marekani kuna shirika la Big Brothers Big Sisters, ambalo mizizi yake ni New York mwaka 1904, na kazi yake ni kuunganisha mtoto mmoja na mtu mzima mmoja wa kujitolea. Katika miaka ya 1990 watafiti walifuatilia vijana wa miaka 10 hadi 16. Wengine walipewa mtu mzima papo hapo, wengine waliachwa kwenye orodha ya kusubiri. Matokeo yalitoka mwaka 1995: baada ya miezi 18, waliopewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya kuliko waliokuwa wakisubiri. Watu wakafurahi, na haki walikuwa nayo. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes wakayarudia matokeo hayohayo, wakayagawa kwa muda ambao kila uhusiano ulidumu. Waliokaa na mtu wao mwaka au zaidi ndio waliovuna sana. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka, wakajiona hawana thamani kuliko hata wenzao ambao hawakupewa mtu.

Mtoto aliyezoea kuachwa akiachwa tena huhitimisha kuwa sababu ni yeye. Kwa hiyo anayejua atahama mwezi ujao amwambie kijana mapema, au asianze kabisa.

Thamani ya mtu asiyetoweka ilionekana pia kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955. Baadhi yao walizaliwa kwenye shida juu ya shida: ufukara, ulevi wa wazazi, nyumba zisizo na amani. Hata hivyo karibu theluthi ya hao walikua watu wazima wenye kazi, upendo na utulivu. Walipochunguzwa, jambo mojawapo lililojirudia katika maisha yao ni mtu mzima aliyesimama nao bila kuyumba: bibi, mwalimu, jirani, kiongozi wa dini.

Jamii zetu zililijua hili. Pwani msichana alikuwa na somo yake, mwanamke wa kumfunda, aliyemuuliza yale asiyoweza kumuuliza mama. Mvulana alikuwa na mjomba. Si kila kilichofundishwa huko kilikuwa chema, hasa pale binti alipoharakishwa kuolewa, na hicho tusikirudishe. Ila mzazi hakuachiwa mzigo wote peke yake. Leo familia iko kwenye chumba cha kupanga Mbagala au Kayole, mjomba yuko mkoani, shangazi yuko Muscat akifanya kazi, na mama hurudi saa tatu usiku. Kijana anabaki na simu yake na vijana wenzake wa kijiweni ambao nao wanatafuta wa kumuuliza.

Nimebakiza hatua moja, nayo ni kumwambia kijana, "Haya yabaki baina yetu, usimwambie mama." Anayesema hivyo, anayetaka kuonana kwenye chumba kilichofungwa, anayetoa zawadi za siri, huyo ni hatari, hata awe na cheo gani mtaani au kwenye ibada. Mtu mzima mwema hukaa na kijana mahali panapoonekana: barazani, dukani, uwanjani. Kwanza huenda kwa wazazi wake kujitambulisha. Nanyi wazazi, mtoto wenu akiwa na mtu mwema wa namna hiyo msione wivu. Mpeni chai akija.

Wewe msomaji, yupo kijana anayekuamkia kila siku. Unamjua kwa sura. Wiki hii muulize jina lake, muulize mwaka huu anajaribu kufanya nini, na umwache aseme mpaka amalize. Mpe jambo moja dogo la kwenda kufanya, mpange siku ya kuonana tena, na siku hiyo ikifika uwepo. Endelea hivyo mwaka mzima.