Mchuma Benzi Hula na wa Kwao

Barua kutoka Leicester, Uingereza

Barua hii, inayoelekezwa kwa ndugu, jamaa na marafiki walioko Tanga, Mombasa na kwingineko, inahusu jambo linalozungumzwa sana katika makundi ya WhatsApp ya koo mbalimbali lakini ambalo halijapata uchambuzi linaostahili, nalo ni Benzi kuukuu la mtu aliyeko Ulaya. Hoja yake ni kwamba gari la namna hiyo, ingawa katika picha huonekana kuwa ushahidi wa utajiri, kwa kawaida ndilo chanzo cha ufukara wa mwenyewe, na kwamba ufukara huo haumwishii yeye, bali husafiri kwa njia ileile inayopitisha fedha za karo hadi ukawafikia watu ambao hawajawahi hata kulipanda. Kwa hiyo watu wa nyumbani wana haki ya kuuelewa uchumi wake, kwa kuwa wao pia ni wabia, ijapokuwa hakuna aliyewauliza siku ya kulinunua.

Benzi linalokusudiwa hapa ni S-Class, yaani sedani kubwa ya milango minne ambayo Mercedes-Benz huitengeneza kuwa kilele cha magari yake, ingawa yatakayosemwa yanalihusu pia BMW 7 Series na Jaguar XJ bila kupunguza neno. Gari hilo, ambalo mwaka 2007 liliuzwa jipya Uingereza kwa zaidi ya pauni 50,000, leo hupatikana kwa pauni elfu nne au tano. Sababu ni kwamba wenye fedha hutaka jipya, makampuni hulitumia miaka michache kisha huliachia, na wale ambao wangelinunua mtumba huogopa gharama zake. Ikumbukwe hata hivyo kwamba kinachoshuka ni bei ya gari tu, kwa kuwa spea zake na mafundi wake hubaki katika daraja lilelile la siku lilipotoka kiwandani, na kwa sababu hiyo aliyetoa pauni 4,000 hujikuta akilitunza gari la pauni 50,000.

Swali la kwa nini mtu mwenye akili timamu, tena mwenye kazi ya zamu za usiku katika ghala, hununua gari kama hilo haliwezi kujibiwa kwa kuitazama Uingereza peke yake. Waingereza hawashtushwi na S-Class la mwaka 2007, na jirani akiliona limeegeshwa nje hudhani kuwa mwenyewe hupeleka abiria uwanja wa ndege. Hadhira iko nyumbani, ambako tangu miaka ya baada ya uhuru Benzi lilikuwa gari la mawaziri na wakubwa wa mashirika ya umma, hata watu wakawapachika jina la Wabenzi kana kwamba ni kabila lenye wilaya yake, na watoto waliosimama kando ya barabara kuipisha misafara hiyo ndio hao wanaopekua matangazo ya magari saa nane za usiku, wakati wa mapumziko ya zamu. Wajuzi hushauri Lexus LS, gari ambalo Toyota ililizindua mwaka 1989 na ambalo limejijengea sifa ya kutoharibika ovyo, lakini ushauri huo hupuuzwa, kwa sababu shangazi akitumiwa picha yake atauliza kama hiyo ndiyo Corolla mpya.

Ununuzi huanza kwa kusoma matangazo, na msomaji aliyewahi kushughulika na madalali wa Dar es Salaam hatapata tabu kuyaelewa. Dalali wa Dar husema gari halidai kitu, injini haijafunguliwa, ni kuweka mafuta na kuondoka. Muuzaji wa Uingereza naye husema kiyoyozi kinahitaji kujazwa gesi tu, akiwa na maana kwamba kiyoyozi kimekufa. Husema taa ya onyo inayowaka ni ya kihisio, akiwa na maana kwamba hajathubutu kuuliza ni ya nini. Na husema analiuza kwa kukosa nafasi ya kuegesha, akiwa na maana kwamba mkewe amempa achague. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na S-Class kuukuu hutembezwa sana.

Tofauti ni kwamba Uingereza ina kumbukumbu za serikali zinazoweza kumuumbua muuzaji. Gari likishatimiza miaka mitatu hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi uitwao MOT, na matokeo yake, pamoja na idadi ya maili zilizosomwa kwenye dashibodi, huwekwa mtandaoni, ambako yeyote mwenye namba ya gari huyasoma bure. Aliyerudisha maili nyuma hukamatwa hapo, kwa kuwa gari lililokuwa na maili 140,000 mwaka juzi haliwezi kuwa na 90,000 mwaka huu pasipo muujiza. Yenye manufaa zaidi ni yale yanayoitwa mashauri, yaani kasoro ambazo mkaguzi ameziona lakini hazijafikia kiwango cha kulifelisha gari: mafuta yanavuja ila si kwa kupindukia, mabomba ya breki yameanza kutu, tairi zinakaribia ukomo wa kisheria wa milimita 1.6. Mashauri hayo yakisomwa kwa mfululizo wa miaka huwa na mwendo wa tanzia, kwa kuwa wamiliki hubadilika na uvujaji ni uleule.

Hati inayofuata ni V5C, ambayo Tanzania ingeitwa kadi ya gari na Kenya logibuku. Hati hiyo hutamka waziwazi kwamba anayetajwa ndani yake ni mtunzaji aliyesajiliwa, na kwamba huenda si mmiliki kwa mujibu wa sheria. Maneno hayo yaliwekwa kwa ajili ya magari ya mkopo na ya makampuni, lakini yanaieleza kwa usahihi wa kutisha hali ya kila mwenye S-Class, ambaye hulitunza gari bila kupata nafasi ya kulimiliki.

Umri wa gari nao haufichiki. Watanzania, ambao kwa kuitupia namba jicho moja hulitenga gari la namba D na la namba E, wataelewa haraka kwamba tangu Septemba 2001 namba za Uingereza hubeba tarakimu mbili zinazotaja kipindi cha usajili, hivi kwamba 07 ni gari lililosajiliwa kati ya Machi na Agosti 2007, na 57 ni la kuanzia Septemba mwaka huo hadi Februari 2008. Mtu anaweza kununua namba ya binafsi, ila sheria humruhusu kulifanya gari lionekane la zamani zaidi kuliko lilivyo na humkataza kulifanya lionekane jipya zaidi, jambo linaloonyesha kwamba watunga sheria waliwajua vizuri wanunuzi wa S-Class. Ndiyo maana katika picha nyingi zinazofika nyumbani mwenye gari husimama mbele kabisa, magoti yake yakiwa yameziba namba.

Gari likipatikana, huja suala la leseni na bima. Leseni ya Tanzania au ya Kenya humruhusu mkazi mpya wa Uingereza kuendesha kwa miezi 12 tu, kisha hutakiwa kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama kijana wa miaka 17, na akifaulu huhesabiwa kuwa dereva mpya. Mtu aliyeshusha malori mlima Kitonga kwa miaka 20, usiku na mvua inanyesha, huulizwa na kampuni ya bima ana uzoefu gani, na jibu linalokubalika katika fomu ni kwamba hana. Kwa kuwa magari hupangwa katika makundi ya bima kuanzia la 1 hadi la 50, na S-Class hukaa huko juu kabisa, mkutano wa dereva mpya na kundi la juu huzaa bima ya mwaka inayoweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Baada ya bima hufuata kodi ya barabara na ada ya hewa safi, na hapo ndipo S-Class linapoonyesha umahiri wa kumtoza mtu kutoka pande zote mbili. Magari yaliyosajiliwa kuanzia Machi 2001 hadi Machi 2017 hutozwa kodi kwa kufuata gramu za kaboni dioksidi zinazotoka kwa kila kilomita, na S500 la petroli la mwaka 2007, lenye silinda nane na tangi la lita 90, huangukia daraja la juu kabisa, ambalo kodi yake huzidi pauni 700 kwa mwaka. Anayelikimbia na kununua la dizeli hupata kodi nafuu, lakini akiingia London hukutana na ULEZ, yaani ukanda wa hewa safi, ambao tangu tarehe 29 Agosti 2023 umeenea katika mitaa yote ya utawala ya jiji hilo na ambao humtoza pauni 12.50 kwa siku mwenye dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6, kigezo cha Ulaya cha usafi wa moshi ambacho dizeli ya mwaka 2007 haina namna ya kukifikia. Kima cha chini cha ujira kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kwa hesabu hiyo kuingia tu London kulimgharimu mwenye Benzi zaidi ya saa nzima ya kubeba maboksi. Siku ya ULEZ, tena, huanza na kuisha saa sita za usiku, na kwa kuwa hakuna harusi ya Waswahili iliyowahi kuisha kabla ya saa hiyo, anayekwenda kumtunza bibi harusi na kurejea Leicester usiku uleule hulipa siku mbili, yaani pauni 25, kabla ya bahasha.

Sheria ya kodi ina mwanya mmoja, nao ni kwamba gari lililosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 halipandishwi hadi madaraja mawili ya juu hata likitoa moshi kiasi gani. Kwa sababu hiyo katika vijiwe vya kahawa wapo mabingwa wanaoijua tarehe hiyo kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao, na ambao hutafuta kwa miaka gari la petroli lililoiwahi, kisha wakilipata hutumia fedha walizookoa kwenye kodi kununulia petroli.

Yote hayo hata hivyo ni madogo yakilinganishwa na springi za hewa. Ulaini wa S-Class barabarani hutokana na mfumo ambao Mercedes-Benz huuita Airmatic, ambamo mahali pa springi za chuma kila gurudumu hubebwa na mfuko wa mpira unaojazwa hewa na kompresa, huku vihisio vikipima kimo cha gari na kuamuru hewa iongezwe au ipunguzwe. Mpira huzeeka, hupata nyufa na kuvujisha hewa taratibu, na asubuhi moja ya Januari mwenye gari hutoka na sare yake ya kazi akakuta kona ya mbele ya kushoto imelala, tairi limezama ndani ya bodi na barafu imeganda kwenye kioo. Akiwasha injini, kompresa hunguruma chini ya gari, taa ya onyo huwaka, kisha gari huinuka kwa awamu, kona baada ya kona, kama ngamia anayeamshwa kwa lazima, na kwa dakika kadhaa mwenyewe hujifanya anakwangua barafu ili majirani wasijue kwamba anasubiri. Kompresa iliyoundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi sasa hufanya kazi mfululizo kufidia hewa inayopotea, na baada ya muda huungua, hivi kwamba aliyeahirisha kununua mfuko hununua mfuko na kompresa. Kwa kuwa saa moja ya fundi wa wakala rasmi huzidi pauni 100, wengine huomba watolewe mifuko na kuwekewa springi za kawaida, matengenezo ambayo hulinyanyua gari vizuri lakini huiacha ile taa ya onyo ikiwaka, na taa hiyo hutibiwa kwa kipande cha utepe mweusi.

Wapo wanaojifariji kwamba usukani uko kulia na kwa hiyo gari litamalizia maisha yake nyumbani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania hulipokea lakini hulitoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humsamehe ushuru mkazi anayerejea moja kwa moja ambaye amelimiliki na kulitumia gari nje kwa angalau miezi 12, ila msamaha huo humtaka arudi yeye mwenyewe, na mwenye S-Class kwa kawaida bado hajamaliza kulipia nauli ya Krismasi ya mwaka wa nyuma. Na hata likifika, tuta la kwanza baada ya geti la bandari litauliza habari za springi.

Kutokana na hayo, ndugu wa nyumbani wanashauriwa kubadili namna ya kuzisoma picha. S-Class likionekana kwenye simu, lieleweke kuwa tangazo la kusitishwa kwa huduma: bati la choo cha bibi limeahirishwa, karo ya muhula wa pili italipwa nusu, na aliyepiga picha hapaswi kupigiwa simu kabla ya tarehe ya mshahara, wala baada yake. Anayefaa kuombwa ni yule binamu wa Coventry mwenye Toyota Yaris ya kijivu, ambaye hajawahi kutuma picha ya gari lolote. Ombi lipelekwe kwake wiki hii bila kukosa, kwa sababu habari zilizothibitishwa kutoka pande mbili zinasema kwamba ameanza kuulizia bei ya Jaguar.