Rangi Ina Wenyewe

Hapa Isaka unaweza kubadilisha injini ya gari na mtu asikuulize chochote. Shemeji yangu aliing'oa ile ya lita mbili kwenye Chaser yake GX100, akaweka 1JZ-GTE ya lita mbili na nusu yenye taabo, injini ambayo Toyota wenyewe waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 280, na mtaa ukapita pale gereji kuelekea sokoni bila kugeuza shingo. Ilikuja ndani ya nozikati, ile nusu ya mbele ya gari inayokatwa Japani na kuuzwa ikiwa bado na taa zake. Ikashushwa kwenye lori usiku, ikafungwa, nyaya zikaunganishwa, ikawashwa, ikanguruma, mbuzi wa jirani wakatawanyika. Basi. Hakuna aliyesema mngeweka kubwa zaidi.

Siku shemeji alipotamka neno "rangi", watu walileta viti.

Mji huu unaishi kwa kusubiri. Reli ya Tabora hadi Mwanza ipo hapa tangu 1928, na baadaye ikaja bandari kavu kwa ajili ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo: mzigo unashuka kwenye behewa, unapanda lori. Kati ya kushuka na kupanda kuna makaratasi, nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu, na makaratasi yakichelewa madereva wanakaa kwenye benchi la mama ntilie wakiwa na chai, muda na maoni. Injini imefichwa chini ya boneti na inadai elimu. Rangi iko nje, na mwenye macho mawili tayari ni mtaalamu. Hata mwenye jicho moja alichangia.

Shemeji mwenyewe alitaka dhahabu. Ni mchimbaji mdogo, duara lake liko upande wa Kahama, na mwaka ule duara lilikuwa limetema. Aliona ni haki gari lifanane na lilikotoka. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe na ndiye anayetunza daftari la madeni ya nyumba ile, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Baba Neema, kuna mtu unadaiwa naye hujamlipa?" Shemeji akanyamaza. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, gari la rangi ya dhahabu ni tangazo la mkutano wa wadai. Watakuja hata wale uliowakopa kiroba cha mawe kabla hujajua karasha linavyofanya kazi.

Dhahabu ikaanguka. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nchi hii rangi zote zimeshachukuliwa.

Kijani na njano ni Yanga, na ni chama tawala pia, kwa hiyo ukiipaka utashangiliwa na watu wa aina mbili na kununiwa na wa aina mbili. Nyekundu ni Simba. Shemeji ni Yanga wa kuzaliwa, alisema afadhali gari libaki na puti. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Kijani cha jeshi hakikujadiliwa kabisa. Mzee mmoja alikitaja, wenzake wakamwangalia, akajifanya anakohoa. Kahawia ilipata wafuasi wachache wenye busara, waliosema vumbi la Isaka litaipaka gari rangi hiyo bure ndani ya wiki, sasa kwa nini ulipie?

Bluu ndiyo iliyoleta ugomvi wa maana. Kijana mmoja wa gereji alitaka bluu yenye rimu za dhahabu, ile ya Subaru za mashindano. Wapinzani wakasema hiyo ni Azam. Nikaona niingilie kati, maana penye ubishi wa namna hii mtu wa makaratasi ndiye hugeuzwa kamusi. Bluu ile haikuwa ya Subaru, nikawaambia. Ilikuwa ya sigara. Kuanzia 1993 timu ile ilidhaminiwa na sigara za 555, na zile tarakimu kubwa za njano ubavuni ndizo zilizokuwa zikiuzwa. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 ndani ya Impreza, alikuwa akiendesha rangi ya paketi ya sigara kwenye tope la Kenya. Nilidhani nimewapatia hoja ya kuiacha. Kijana yule alifurahi zaidi. "Kumbe ina historia!" akasema.

Mimi mwenyewe nilikuwa na msimamo wangu mdogo, na bado ninao: boneti iwe nyeusi isiyong'aa, sehemu nyingine ziwe rangi yoyote. Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, akiendesha Edgar Herrmann na Hans Schüller akimsomea ramani, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi ya mati. Ule weusi si urembo. Jua likipiga boneti inayong'aa, mwanga unamrudia dereva usoni, na kwa jua hili la Shinyanga saa nane mchana nadhani hoja inajitetea. Haikujitetea. Waliniambia gari lenye boneti ya rangi nyingine hapa Isaka linasomeka namna moja tu: liligonga ng'ombe, na boneti imeokotwa kwenye gari lingine.

Kisha mati nzima ikajaribiwa na kuzikwa siku hiyohiyo. Fundi alieleza kwa huruma kwamba mati haipigwi polishi, ukiisugua sehemu moja inaanza kung'aa peke yake. Na kwamba mkono wenye mafuta ukiigusa unabaki pale. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa gereji, ambako alama za mikono ya watu wa mtaa mzima zilikuwa zimepangwa toka chini hadi juu, kulingana na urefu wa mtu.

Dada akasubiri wanaume wachoke, halafu akaleta yake. Pinki.

Kulikuwa na kicheko kirefu. Alikiacha kiishe. Kisha akauliza ni nani pale asiyejua Mwadui iko wapi. Wote wanaijua, ni huko mbele ya Shinyanga mjini, kwenye mgodi wa almasi alioanzisha John Williamson miaka ya 1940. Basi, akasema, mwaka 1947 pale pale ilitoka almasi ya pinki ya karati 54.5, na Williamson akampa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi kabla hajawa malkia. Walipoikata ikabaki karati 23.6, wakaitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, na yule mama akalivaa mpaka uzeeni. "Kitu cha pinki kutoka mkoa huu kimekaa kifuani kwa malkia," dada akasema, "nyie mnaona aibu kukiweka kwenye Chaser?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa haki kabisa pinki ilishinda kwa hoja. Ilishindwa kwa kura, maana waliopiga kura walikuwa wale wale waliocheka, na hakuna mtu hapa anayeweza kubadili mawazo mbele ya benchi.

Ikabaki nyeupe, ambayo kila mtu aliikataa kwa kuwa ni rangi ya gari lisilo na mwenyewe. Nyeupe ni gari la mradi, lenye namba za DFP na mtu mwenye fulana ya kampeni ya vyoo. Na hapo ndipo fundi wa rangi, ambaye tangu mati izikwe alikuwa akipiga msasa mlango bila kusema neno, alipotoa suluhisho la kibalozi: nyeupe ya lulu yenye chembe za dhahabu. Ukiwa mbali ni nyeupe. Ukisogea na jua likiipiga kwa pembeni inatoa dhahabu. Shemeji alisimama. Kwa mbali wadai wataona mradi, kwa karibu rafiki zake wataona duara. Kikao kikafungwa, pamoja na kwamba shabiki mmoja alitaka iandikwe kuwa nyeupe ni nusu ya Simba.

Fundi wa injini ndiye aliyenuna. Nyeupe ya lulu ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, halafu tabaka lenye chembe za maika zinazocheza na mwanga, halafu klia juu. Yeye alikuwa amehangaika kupunguza uzito, kang'oa hata kiti cha nyuma, na sasa wanamrudishia kilo kwa bomba la kupulizia. Nikamliwaza kwa kisa cha Wajerumani. Mwaka 1934 sheria ya mashindano ilitaka gari lisizidi kilo 750, na Alfred Neubauer, aliyekuwa mkuu wa timu ya Mercedes, alisimulia kwamba gari lao lilizidi kwa kilo moja, wakakesha wakikwangua rangi nyeupe yote mpaka bati likabaki linang'aa, na ndivyo magari ya fedha ya Mercedes yalivyozaliwa. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Fundi wa injini alikipenda mno, akapeleka hoja ya kuacha bati tupu. Akajibiwa papo hapo kwamba bati tupu Isaka lina tafsiri moja: hela imeisha.

Kuna jambo la kadi pia, nalitaja kwa haraka. Kadi ya gari ina mstari wa rangi, na ukibadili rangi lazima TRA wajue na kadi irekebishwe, la sivyo trafiki atakusomea kadi inayosema fedha huku amesimama mbele ya kitu kingine. Mashauri yale yote, Mwadui na Datsun na sigara, kwenye fomu yaliingia kama neno moja: nyeupe.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wetu anapulizia chini ya mwarobaini, na adui yake ni vumbi. Malori yanatimua, upepo wa kiangazi unatimua, na tangu Juni 2021 lilipowekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, mitambo nayo imekuwa na zamu yake ya kutimua. Rangi ya kawaida inasamehe. Ya lulu haisamehi: mkono ukichelewa mahali pamoja panatokea wingu, na punje ya mchanga ikitua kwenye klia mbichi inakaa humo na kuonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hiyo fundi alifanya kila kitu sawasawa, na hili nataka lieleweke. Alisubiri mvua za kwanza za Novemba, maana mvua inaosha hewa. Alingoja usiku, upepo ukalala. Alimwaga maji chini ili ardhi isitoe hata pumzi. Alichanganya klia na hadina kwa kipimo, si kwa jicho. Akawasha taa kubwa, ile ya kuazima kwa watu wa harusi, ili aone kila wingu kabla halijakauka. Tabaka la kwanza, safi. La lulu, safi kabisa. Tulisimama kimya kuliangalia. Klia ikapita kama maziwa. Fundi akavua kitambaa cha puani, akasema, "Bosi, hapa hata Japani hawafiki."

Usiku wa kwanza baada ya mvua, ardhi imelowa, upepo hakuna, taa moja kubwa inawaka peke yake gizani. Mtoto yeyote wa Usukumani angekwambia nani anakuja.

Kumbikumbi walikuja kwa wingi wa kutisha. Walianza kwenye taa, wakashuka kwenye paa. Fundi akakimbilia kuzima taa, shemeji akakataa isizimwe kwa kuwa hataona wanapotua, dada akaizima. Katika giza tukawa tunasikia tu sauti ya mbawa zikipapatika kwenye gari la farasi 280. Hakuna la kufanya. Klia mbichi haiguswi. Tukaenda kulala, au tuseme tukaenda kulala chini.

Asubuhi niliamshwa na bibi wa nyumba ya pili akiniamkia "Mwangaluka" kwa furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa amebeba karai. Alikuwa amekuja kuokota kifungua kinywa, akakuta kimewahiwa: kuku wa mtaa mzima walikuwa juu ya Chaser. Jogoo alisimama kwenye buti. Wengine walikuwa kwenye boneti wakidonoa kumbikumbi mmoja mmoja kwa utulivu, na kila aliyetoka alitoka na kipande kidogo cha lulu. Fundi alifika akiwa na chai mkononi. Hakusema kitu. Akaweka kikombe chini, akawaswaga kuku, akazunguka gari kama mtu anayekagua ajali ya watu wengine, kisha akamgeukia bibi na kumwonya kwa heshima zote kwamba wale wenye klia hawaliwi.

Boneti na buti zilirudi kwenye msasa, zikapigwa upya, mchana, bila taa. Paa halikupigwa upya. Kuku hawakulifikia, miili ikafutika kwa msasa wa maji namba 2000 na polishi, lakini mbawa zilikuwa zimezama ndani ya klia, mamia, nyembamba, zimelala kila moja na upande wake. Kulitoa tabaka lote kungegharimu hela ambayo duara lilikuwa halijatema tena. Jua likipiga pale juu, zinang'aa dhahabu, halafu zambarau, halafu zinapotea.

Jumamosi iliyofuata dereva mmoja wa lori la Kigali aliliona likiwa limeegeshwa nje ya mama ntilie. Alizunguka, akapanda kwenye ngazi ya lori lake ili aone paa vizuri, akakaa huko muda. Aliposhuka alimwendea fundi moja kwa moja.

"Bwana fundi, ile kazi ya paa mnapiga kwa bei gani?"

Fundi alimtazama shemeji. Shemeji alitazama bandari kavu. "Ile ni ya msimu," fundi akasema polepole. "Unatoa kianzio sasa, tunapiga mvua ikinyesha."

Dereva akatikisa kichwa kwa kuelewa, ni suala la unyevu, hata Kigali mafundi wakubwa wanajali unyevu. Akatoa simu aandike namba, kisha akauliza kama kwenye nyeusi nayo inatoka.