Korona na Kalenda ya Kura

Korona ya Kenya ilikuwa na adabu zake: iliifuata kalenda ya tume ya uchaguzi, IEBC. Machi 2020 chaguzi ndogo ziliahirishwa, ikaonekana kirusi hakipatani na kura. Kufikia tarehe 4 Machi 2021, watu walipopiga kura Matungu, Kabuchai na huku kwetu wadi ya Kitise/Kithuki, upande wa Kathonzweni, ugomvi ulikuwa umeshasuluhishwa.

Masharti yalikuwa makali, hasa kwenye karatasi. Barakoa, sawa. Kunawa mikono, sawa pia, ingawa huku maji huja kwa mgongo wa punda na mtungi una bei yake. Ukishanawa ukatakata, unakwenda kubonyeza kidole kwenye kimashine cha KIEMS cha kutambua wapiga kura, palepale alipobonyeza jirani yako, na jirani wa jirani yako. Aliyewekwa karantini, pole yake: kura ya posta hatuna, na karani hamfuati mtu kitandani. Mwanasiasa ndiye humfuata, tena wiki nzima kabla, na umati nyuma yake.

Masanduku yakafungwa. Siku nane baadaye, tarehe 12 Machi, Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku mikutano ya kisiasa kwa siku 30. Jirani zetu wa Machakos hata hivyo walipiga kura ya seneta tarehe 18. Tarehe 26 kaunti yao ikafungwa pamoja na Nairobi, Kajiado, Kiambu na Nakuru, mtu asipite. Bahati nzuri, seneta alikuwa ameshapita.