Mashine Mpya, Mjomba Yuleyule

Nilitoka Masasi na mashine ya kupulizia salfa, mpya, nyekundu, mikanda yake bado ina nailoni. Pale Chilangala, kwa mjomba, niliishusha kwenye bodaboda kama mtu anayemshusha bibi harusi. Mjomba aliizunguka mara moja, akasema, "Nzuri." Kisha akaendelea kuifunga ya kwake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mashine ile ilikuwa na mipira mingi kuliko vyuma.

Mikorosho ilikuwa inachanua. Ua la mkorosho lisipopata salfa, ubwiriunga hulipaka unga mweupe, likakauka, na hapo mnada wa korosho utausikia redioni tu. Mjomba akatangulia shambani kabla ya jua. Mimi nikanywa chai kwanza, nikala na mihogo, nikafika saa tatu. Mwenye mashine mpya ana haraka gani?

Nikavuta kamba, ikawaka mara moja. Nikafungua mafuta hadi mwisho. Likatoka wingu la njano, zuri hasa, likaelekea kwenye mkorosho, likaghairi, likanirudia. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaamka, mimi ndiye sikujua. Salfa ikaniingia machoni, puani, hadi kwenye tundu la chaji la simu. Kuku wazima wa jirani wakageuka rangi ya vifaranga.

Kipimo ni robo kilo kwa mti, yaani mfuko wa kilo 25 utoshe miti 100. Wangu uliishia mti wa 32, na sehemu kubwa nilikuwa nimeivaa.

"Mjomba, hii wameniuzia feki."

Hakujibu. Kesho yake akaniamsha gizani. Shambani akapitisha kidole kwenye jani, akanionyesha umande. Akaokota vumbi, akaliachia, likaanguka wima. Ndipo akaivaa mashine yangu, akaweka mafuta kiasi, akapita upande ule hewa inakotokea, bomba akilipeleka taratibu kama anayefagia uwanja wa msiba. Salfa ikapanda yenyewe ndani ya matawi, ikanasa kwenye umande. Mfuko wake ukafika mti wa 100 na kubaki.

Mimi nilipewa ile ya mipira. Nilivuta kamba mara 17, nilihesabu. Mjomba akaja, akaipiga kofi ubavuni, akavuta mara moja, ikanguruma. Na hapa ni Umakonde, ambako tangu utotoni nimeona watu wakichonga mpingo kwa tezo za kujifulia. Sijui nilitegemea nini.

Jioni nikapewa somo. "Mpwa wangu, mashine ni chuma tu. Kazi iko mkononi." Nikakubali, tena kwa moyo wote.

Siku ya kuondoka nikaitafuta mashine yangu. Nikaikuta chumbani kwa mjomba, imefunikwa khanga. Mlangoni nikakabidhiwa ile ya mipira, nikajifunzie. Huu ni msimu wa tatu, na ile nyekundu haijarudi.