Sifa za Taa Isiyozimika

Waungwana wa mabaraza wameusifu mwezi, wamelisifu jahazi, wamemsifu hata paka. Lakini sijapata kumsikia aliyesimama akaisifu ile taa ndogo ya launi ya zaafarani, yenye herufi tatu za ABS, iwakayo katika dashibodi ya lori kuukuu tangu ling'oapo nanga Garissa mpaka lishushapo mzigo Bura, na ambayo dereva ameizoea hata akaihesabu kuwa pambo la gari, pamoja na shada la maua ya plastiki na tasbihi iliyotundikwa kiooni. Insafu yanidai niiondolee dhuluma hiyo.

Tazama kwanza istikama yake. Katika lori la umri huo honi imepoteza sauti, mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri, na geji ya mafuta husema tangi limejaa hata siku gari linapozimika nyikani kwa ukavu. Ilhali taa hii haijakosa zamu usiku wala mchana. Na wanaoiita mwongo kwa kuwa inawaka daima hawajaizingatia kadhia yenyewe, maana inawaka daima kwa sababu kosa liko daima.

Nasaba yake ni ya heshima. Mtambo wake ulitolewa na Bosch katika magari madogo ya Mercedes-Benz mwaka 1978, ukaingia katika malori mwaka 1981 kwa kazi ya Daimler-Benz na WABCO, na kuanzia Machi 1997 Marekani ikaufanya faradhi kwa vichwa vipya vya matrela yenye breki za upepo. Waliouunda waliiwazia theluji na lami iliyolowa mvua. Hawakuiwazia njia ya vumbi iendayo Masalani kupitia Bura ya Fafi, wala tope jeusi la kingo za Mto Tana, wala miba ya mathenge ipasuayo matairi kila upande. Kwa hiyo haikuwa ajabu mgeni huyo kupata maradhi alipofika kwetu. Ajabu ni kwamba aliyatangaza.

Hapo ndipo ilipo fadhila yake kuu. Kazi ya ABS ni kuyazuia magurudumu yasigande breki inapokanyagwa kwa nguvu, ili usukani ubaki na utii. Nayo ikihisi kwamba habari za gurudumu fulani haziifikii sawasawa, hujiuzulu, ama kwa gurudumu hilo ama kwa yote, ikaiacha breki ya kawaida ifanye kazi kama ilivyofanya zama za malori ya Bedford, kisha ikawasha taa kuwajulisha watu. Nimeishi chini ya utawala wa wilaya na chini ya utawala wa kaunti, wala sijamwona ofisa aliyeshindwa kazi akatundika taa mlangoni ili raia wajue kwamba tangu leo wajitegemee. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ya ng'ambo ya mto, ulioasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani wengine, ulikusudiwa kulima hekta 6,700 ukaishia sehemu tu ya hizo, na pampu za dizeli za Nanighi, zilizowekwa ziwe za muda, zikadumu miaka na miaka; laiti ungaliwashiwa taa ya zaafarani mapema, wangaliokoka wakulima wangapi walioacha kwao wakaja kungojea maji!

Tena taa hii ni mwalimu wa subira. Lori la zamani halihitaji mashine ya kusomea kodi za makosa. Fundi hubonyeza swichi, au huunganisha tundu mbili za soketi kwa kipande cha waya, na taa ikaanza kukonyeza. Katika mitambo mingi ya WABCO, mikonyezo ya kwanza hutaja aina ya kosa na ya pili hutaja mahali pake, nao wote waliopo chini ya mwarobaini, taniboi, mchuuzi wa tikiti na mzee aliyekuja kuulizia nauli ya mbuzi, huhesabu kwa sauti na kuhitilafiana.

“Fundi, hii taa inataka nini?”

“Inataka mnyamaze.”

Kodi ikisema sensa ya gurudumu la nyuma, haikusema kwamba sensa imekufa. Imesema tu kwamba habari hazifiki. Mwenye pupa hununua sensa mpya. Mwenye busara huchomoa soketi, akapima ukinzani, ambao aghalabu huwa kati ya omu 900 na 2,000, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono nusu mzunguko kwa sekunde, aone kama volti 0.2 zinapatikana, asipoziona huisukuma sensa mpaka iguse pete yenye meno, kwa kuwa mara nyingi ni tope au beringi iliyolegea ndiyo iliyoirudisha nyuma.

Wapo mahasidi wanaochomoa balbu kabla ya kuuza gari. Hao hufedheheka wenyewe, kwani taa nzima sharti iwake kidogo swichi inapofunguliwa, na ukimya wake ni ushahidi. Ama ndugu yake mwekundu, aliaye na king'ora upepo unaposhuka hadi pauni 60 hivi kwa inchi ya mraba, huyo simsifu, maana hana mzaha: asiyesimama kwa hiari husimamishwa na springi za breki za nyuma, popote alipo.

Na hata ikiisha kutibiwa, taa yetu haizimiki kwa maneno ya fundi. Katika malori mengi hungoja magurudumu yatembee, ihakikishe kwa macho yake, ndipo itoweke. Basi lori likishaipita njia panda ya Bura, dashibodi ikawa giza kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe, dereva hupunguza mwendo, akaigonga dashibodi kwa kidole, akamwuliza taniboi kama balbu imeungua.