Treni ya Duara

Treni inayozunguka mkekani kutwa nzima bila kufika kokote, hiyo ni treni au ni feni? Nauliza kwa sababu mjukuu wangu kaletewa moja na mjomba wake kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi lenye picha ya milima ya theluji. Plastiki tupu, betri kwa chini, na wimbo usiozimika. Ila kilichonikera zaidi ni ile reli ya duara. Mtoto wa Kigoma, mji ambao Watanzania wanauita mwisho wa reli, unamfundishaje kwamba reli haina mwisho? Tangu Wajerumani walipoifikisha Reli ya Kati hapa mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, utaratibu ni mmoja: ukiona ziwa, shusha mizigo.

Halafu hata vipimo si vya kwetu. Treni za maduka ya Ulaya, zile za watu wazima wasiotaka kukua, aghalabu hupunguzwa mara 87, na reli zake huwa na upana wa milimita 16.5. Zidisha, utapata reli ya milimita 1,435, yaani ya reli ya kisasa, SGR. Reli yetu ni ya mita moja; mfano wake ungetaka milimita 11 na nusu. Mkataba wa kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, kwa hiyo labda mjomba mtu ametangulia tu.

Sisi tulikua na treni za makopo. Kopo la samaki ndilo behewa: unalitoboa mbele na nyuma kwa msumari, unapitisha waya, unakata magurudumu kwenye ndala iliyokufa, ekseli ni kijiti. Kichwa ni kopo la maziwa limelazwa, kisoda mbele ndiyo taa. Nikasema nitamtengenezea. Bure kabisa, nikajitapa.

Bure ya wapi! Makopo ya kuokota yamekwisha; vijana wa vyuma chakavu hupita kabla ya adhana ya alfajiri. Ikabidi ninunue yenye samaki ndani. Muuza duka pale Mwanga akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, Kibirizi kumekauka?" Nikarudi, nikakaa kibarazani nikila samaki wa kopo, huku migebuka wabichi wa Kibirizi wakipita barabarani kwenye beseni. Bibi yake mtoto aliona ametukanwa, hakunisemesha mpaka magharibi. Ndala nazo, kumbe kila iliyokatika nyumbani ina mwenyewe anayeingoja ipone.

Jirani yangu, fundi boti wa Ujiji, akaja kunisaidia. Fundi hodari, lakini mkono umeshazoea. Niliporudi kutoka kuswali nikakuta behewa lina mkuku, na bati la mbele kalikunja likachongoka omo. "Hata likiingia majini halipinduki," akanihakikishia.

Akapita mwalimu mstaafu, mtu asiyeweza kuona ubishi akaupita. "Mnalaumu boksi," akasema, "meli ya Liemba yenyewe si ilikuja na maboksi?" Kweli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikavuka bahari, ikaletwa Kigoma kwa reli. Nikamjibu kwamba iliunganishwa hapa hapa, ribiti kwa ribiti, ikaingia majini Februari 1915. Akasema ribiti nazo zilitoka Ujerumani. Nikasema, mikono je? Mwishowe nikamtolea la kufunga kazi: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. "Hiyo ya plastiki izamisheni muone!" Mwalimu, ili asishindwe, akaongeza kwamba kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nene.

Mjukuu alikuwa amekaa kizingitini, anasikiliza.

Jioni treni ya mjomba ilipatikana ndani ya pipa la maji, chini kabisa, imepakwa mawese mpaka kwenye betri. Wimbo haukurudi, na sitasema uongo kwamba niliuhuzunikia. Mama yake akauliza ni nani kamfundisha mtoto mambo haya. Fundi akakumbuka kazi yake Ujiji, mwalimu akakumbuka kuna msiba. Nikabaki mimi.

Hukumu imetoka: babu alipe treni. Mjukuu kakubali ya makopo, ila kwa masharti. Anataka behewa la chumvi ya Uvinza, la mawese, la daraja la tatu, na la kulia chakula. Kesho nyumbani kunapikwa mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, na mimi nimeshatengewa kopo langu, behewa la chumvi.