Kijani Iliyokosa Jibu

Kicheko cha Mambasa, mji wa mashariki mwa Kongo, bado kinamuuma mwandishi wa safu hii. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni katika chumba cha michezo, jenereta ikinguruma uani, akiwafafanulia vijana mwisho wa mchezo wa video Mass Effect 3. Kwa sauti ya mhubiri akafika kwenye mwanga wa kijani: Kamanda Shepard, shujaa wa mchezo, akijitosa humo, watu na mashine wa nyota zote wanachanganywa wawe kiumbe cha aina moja, na vita vinakwisha. Mama muuza mandazi mlangoni, ambaye hajawahi kushika maneti ya kuchezea, akauliza:

"Papa, na hao watu wengine, nani aliwauliza kama wanataka?"

Vijana wakaangua kicheko. Mwandishi akakohoa, akanunua mandazi.

Fumbo lenyewe lina ufundi wake. BioWare ya Kanada ilitoa mchezo huu Machi 2012. Reapers ni mashine zinazorudi kila baada ya miaka 50,000 kuvuna viumbe wote walioendelea. Mwishoni, mtoto wa mwanga anamwekea Shepard njia tatu. Nyekundu inaziangamiza Reapers, na roboti waliokuwa marafiki wanafia humo humo. Buluu inamfanya Shepard bwana wa mashine hizo. Kijani ndiyo iliyomkwamisha mwandishi. Tangu mchezo wa kwanza, buluu ilikuwa rangi ya upole na nyekundu ya ukali, lakini hapa zimegeuzwa. Anayeonyeshwa akichagua nyekundu ni Anderson, mkubwa mwaminifu wa Shepard. Wa buluu ni adui ambaye Reapers zimekwisha kumteka akili. Ndipo baadhi ya mashabiki wakadai kwamba yote ni ndoto, kwamba Shepard naye anatekwa akili, na kwamba anayechagua nyekundu ndiye pekee anayeamka. Ushahidi wao ni huu: ukichagua nyekundu ukiwa na alama za kutosha, kifua kilichofukiwa na vifusi kinavuta pumzi moja, kisha picha inakatika.

Alama za kutosha! Mchezo ulipotoka, alama hizo, yaani nguvu ya jeshi lako, zilihesabiwa nusu tu mpaka ucheze na wenzako kwenye intaneti. Katika mji ambao megabaiti hununuliwa kwa kubana matumizi, pumzi ile ilikuwa ya wenye mtandao.

Mashabiki waliochukizwa na mwisho huo waligoma kunyamaza. Baadhi waliipelekea BioWare keki ndogo zipatazo 400, za rangi tatu, ladha moja. Kampuni ikasikia: tarehe 26 Juni 2012 ikatoa mwisho uliorefushwa, bure kwa anayeweza kupakua karibu gigabaiti 2.

Siku mbili kabla ya toleo hilo, wapiganaji wa Mai-Mai Simba walivamia Epulu, humu humu katika teritware ya Mambasa. Watu wakauawa, na okapi 14 wa kituo cha hifadhi wakafa kwa shambulio hilo. Wa Epulu hawakuwekewa rangi za kuchagua, wala hakuna kampuni iliyowarekebishia mwisho mbaya.

Tukirudi chumbani, somo la buluu lilikatizwa na jenereta kuishiwa mafuta.

Somo la nyekundu lilikatizwa na mtoto aliyekalia maneti.

Toleo lile lililorefushwa lilileta pia mwisho wa nne, wa kukataa njia zote. Huo vijana waliuelewa bila mfasiri: walikataa, wakadai warudishiwe franka zao, na mwenye chumba akaweka mpira wa miguu.